Kulala Ndani ya Ukuta wa Harar

Anayekwenda Harar akitaka hoteli ya ghorofa yenye mapokezi na maji ya moto ataipata nje ya ukuta, katika mji mpya ulioota kando ya barabara kuu. Atalala vizuri, na asubuhi ataamka akiwa bado hajafika. Harar yenyewe imo ndani ya ukuta, sehemu inayoitwa Jugol, na humo ndani pa kulala pa bei nafuu ndipo pa kulala pa maana. Ni majumba ya zamani ya familia za Kiharari yaliyogeuzwa gesti, ya vyumba vitatu vinne, ambamo mama mwenye nyumba ndiye karani, ndiye mpishi, ndiye mwenye ufunguo wa mlango.

Mji huu uko mashariki ya Ethiopia, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, juu kidogo kuliko Nairobi. Njia ya kawaida kwa mgeni ni kupitia Dire Dawa, kwa ndege kutoka Addis Ababa au kwa treni ya umeme ya Djibouti iliyoanza kubeba abiria mwaka 2018. Dire Dawa ni mji wa joto na vumbi, na upo kwa sababu ya reli. Wafaransa walipoleta njia ya kwanza kutoka pwani, ilifika hapo mwaka 1902 bila kupandishwa milimani, ikaipita Harar kwa mbali. Wakati ule wafanyabiashara wa Harar waliona wamepata hasara. Mimi naona reli iliunusuru mji wao, kwa kuwa maghala, karakana na majumba ya makampuni yaliishia chini, na Jugol ikabaki na vichochoro vyake.

Kutoka Dire Dawa unapanda basi dogo. Ni kama kilomita hamsini za kona na makorongo, na hewa inabadilika kabla mazungumzo ya abiria hayajakolea. Unapita Haramaya, mahali pa ziwa lililokauka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kumbuka jina hilo, maana litakurudia ukiingia bafuni. Kisha Awaday, soko la miraa ambalo Mmeru yeyote angelielewa bila mkalimani: marobota yamefungwa kwa majani, magari yana haraka, kila mtu anapiga kelele. Mtanzania anayepita hapo akumbuke kwamba huku jani hilo linauzwa kama mchicha, lakini kwao ni kosa la jinai, kwa hiyo lisisahaulike mfukoni siku ya kurudi.

Ukuta ulijengwa katikati ya karne ya 16 na Amiri Nur ibn Mujahid, katika miaka mibaya. Aliyemtangulia, Imamu Ahmad ibn Ibrahim, ambaye Wasomali humwita Gurey, alikuwa ameitikisa dola ya Kikristo ya Ethiopia nzima kabla ya kuuawa vitani mwaka 1543. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amemkata kichwa Cristóvão da Gama, mtoto wa yule yule Vasco aliyetia nanga Malindi mwaka 1498. Baada ya hapo vita viliwageukia Waharari, nao wakajifungia. Malango yalikuwa matano, yakifungwa usiku, na asiye Mwislamu hakuruhusiwa kuingia. Mwingereza Richard Burton aliingia Januari 1855, akawekwa siku kumi bila kujua kama Amiri atamruhusu kutoka. Alitoka salama, lakini miezi michache baadaye alipigwa mkuki wa shavu huko Berbera, na ni kovu hilo alilofika nalo Unguja alipokwenda kutafuta maziwa ya bara.

Mji uliokuwa haumtaki mgeni sasa unamlaza sebuleni.

Kwa nje nyumba ya Kiharari haijitangazi. Unapita kwenye uchochoro wenye kuta za mawe zilizopakwa chokaa, nyingine buluu, nyingine kijani au waridi, na mlango wa mbao hauonyeshi kama ni wa gesti au wa ukoo usiokuhusu. Kibao kikiwepo ni kidogo. Bisha hodi, useme salaam aleikum, usubiri. Ukifunguliwa unaingia kwanza uani, na ua huo mara nyingi unazunguka nyumba zaidi ya moja. Kuna mwanamke anaanua nguo, kuna mtoto anakukodolea macho, kuna paka. Pasipoti yako inaandikwa kwenye daftari, unavua viatu, unaingia chumba kikubwa.

Hapo ndipo fedha yako ndogo inapoanza kufanya kazi. Chumba hicho hakina viti. Kina majukwaa matano ya kukalia, yaitwayo nadaba, yaliyojengwa pamoja na nyumba na kupandishana kwa vimo tofauti, yote yakiwa yamepakwa rangi nyekundu ya udongo na kutandikwa mazulia na mito. La juu, pembeni, ni amir nadaba, kiti cha mkubwa wa nyumba: kutoka pale anamwona kila anayeingia, na nguzo iliyo karibu ndipo mikuki ilipowekwa. La katikati na pana kuliko yote ni gidir nadaba, la wageni. Kuna jingine limejificha nyuma ya mlango. Hakuna atakayekuzuia ukipanda kiti cha mkubwa kwa kutojua, ila mazungumzo yatapungua kidogo, na mama atakuletea mto upande wa pili. Mtu anayejua kukaa barazani, akatambua pa mzee na pa kijana, hahitaji kufundishwa sana. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe ataona jambo jingine pia: ukutani kumechongwa zidaka, na ndani yake zimepangwa bakuli, vikombe na vitabu, sawasawa na kwao.

Kuta zilizobaki zimefunikwa vikapu. Ni kazi ya wanawake wa Kiharari, ya nyasi zilizosukwa kwa rangi nyekundu, nyeusi, zambarau na manjano, na kila kimoja kina kazi yake katika harusi au msiba. Si mapambo ya kitalii, ingawa siku hizi vipo vya kuuza. Juu ya mlango kuna vijiti vya kuwekea mazulia yaliyokunjwa. Waongozaji hupenda kueleza kwamba zulia likiwa pale, nyumba ina binti wa kuozwa. Hupenda pia kusema kwamba wekundu wa majukwaa ni damu ya Chelenqo, vita vya Januari 1887 ambamo Mfalme Menelik aliwashinda Waharari na kuufuta utawala wao wa kiamiri. Huenda ni hivyo, huenda ni udongo uliopatikana karibu. Lakini uchungu wa Chelenqo ni wa kweli, na kwenye uwanja wa Faras Magala, mjini kati, kanisa alilolijenga Menelik limesimama mahali palipokuwa na msikiti.

Vyumba vya kulala viko kando au juu kwa ngazi ya mwinamo mkali. Ni vidogo, vina godoro gumu kidogo na blanketi zito ambalo mtu wa Dar es Salaam hatalidharau usiku. Kimoja kati ya hivyo, chenye uwazi wa ukutani badala ya dirisha, zamani kilikuwa cha bwana na bibi harusi, ambamo walifungiwa siku za mwanzo wa ndoa na kupelekewa chakula. Ukipewa hicho, shukuru ikiwa hutoki sana usiku. Hewa yake ni haba.

Sasa maji. Haramaya ndilo lililokuwa likiinywesha Harar, na lilipokauka ikabidi maji yavutwe kutoka uwanda wa Dire Dawa, chini kabisa, na kusukumwa kupanda mlima ule ule uliokuja nao. Pampu ikiharibika au umeme ukikatika, mji unakauka. Kwa hiyo usiulize kama kuna bomba la mvua, uliza kama pipa limejaa. Bafu ni la pamoja, uani, na humo kuna pipa la plastiki, ndoo na kata. Ukitaka maji ya moto unamwambia mama usiku ili asubuhi birika kubwa liwe mekoni. Mtu akizoea, anaoga kwa ndoo moja na kubakiza ya kuosha miguu. Wageni wa Ulaya huandika malalamiko marefu juu ya jambo hili. Sisi wengine tumekulia humo. Chukua kandambili zako mwenyewe na sabuni, basi.

Kifungua kinywa kiko ndani ya bei karibu kila mahali, lakini hakikisha. Huja mkate, asali ya milimani, mayai, pengine maharage ya ful yaliyopondwa na mafuta na pilipili, na chapati nyembamba za mafuta. Kahawa ni shughuli ya peke yake. Buni za Harar zinajulikana duniani kwa harufu inayokaribia ya matunda, nazo hapa hukaangwa mbele yako kwenye kikaango kidogo juu ya makaa. Moshi ukipanda, kikaango kinapitishwa kwa kila aliyekaa avute harufu kwa mkono. Zinatwangwa, zinachemshwa kwenye jebena, birika la udongo lenye shingo ndefu, ubani unafukizwa, kisha kahawa inamiminwa katika vikombe visivyo na mkono. Duru ni tatu. Kuondoka baada ya ya kwanza ni utovu wa adabu, hata kama una miadi.

Baada ya chakula cha mchana mji unalegea. Wanaume wanajikusanya na mafungu yao ya miraa, mazulia yanatandazwa, sauti zinashuka, na hata mwongozaji uliyepatana naye anaweza kukuambia mpaka saa kumi. Usishindane na saa hizo. Pombe haiingii katika nyumba nyingi hizi, japo Harar ina kiwanda chake cha bia tangu miaka ya 1980; wanaotaka hutoka nje ya ukuta.

Kutembea ni rahisi kwa sababu kupotea hakuna madhara. Jugol ina kama hekta 48 tu, na ukishuka utafika ukutani, ukipanda utafika Faras Magala. UNESCO, iliyoiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006, inahesabu misikiti 82 na makaburi ya mawalii 102 ndani ya eneo hilo. Wenyeji huuita mji wa mawalii, na utasikia pia kwamba ni mji mtukufu wa nne katika Uislamu. Dai hilo miji kadhaa hulitoa na hakuna wa kuamua. Pita uchochoro wa mafundi cherehani, Makina Girgir, ambao umeitwa hivyo kwa ajili ya mlio wa mashine. Pita soko la Gidir Magala, lakini ukinunua nyama ifunike: mwewe wamejipanga juu ya paa na wana shabaha. Nyumba ya mbao iitwayo ya Rimbaud, yule mshairi Mfaransa aliyeacha ushairi akaja kuuza kahawa na bunduki, kwa hakika si yake. Ni nyumba nzuri hata hivyo. Afadhali zaidi ni jumba la Ras Tafari, ambamo Abdullahi Sherif ameweka makumbusho yake ya misahafu, sarafu za maamiri na mavazi ya arusi, vitu alivyokusanya mwenyewe kwa miaka.

Jioni kila mgeni anaulizwa kama atakwenda kwa fisi. Wanalishwa nje ya ukuta, giza likishaingia, na mtu anayewaita kwa majina na kuwapa vipande vya nyama kwa kijiti, hata kwa mdomo. Kwetu fisi ni mnyama wa wachawi na wa kuchekwa katika hadithi, kwa hiyo inashangaza kuona mji mzima unamchukulia kama jirani. Ukutani kuna matundu ya chini ambayo fisi huingilia usiku na kusafisha mabaki vichochoroni, na watu husema wanakula hata majini. Maonyesho yenyewe ni ya kulipia na yana taa za magari. Ukiyakosa, usijali: lala dirisha likiwa wazi, karibu na alfajiri utawasikia wakipita chini, kabla ya adhana kuanza upande mmoja na kudakwa na misikiti mingine.

Kuhusu bei sitaandika tarakimu, kwa sababu tangu serikali ilipoiachia birr ielee sokoni Julai 2024, zilizoandikwa zimepitwa. Gesti hizi hutaka fedha taslimu. Patana kabla ya kuvua viatu, na usipunguze sana: vijana wa ukoo wengi wako Toronto au ng'ambo nyingine, na kodi ya vyumba ndiyo inayonunua chokaa na kurekebisha paa. Simu za kuuliza hali ya barabara pia zipigwe kabla ya safari, kwa kuwa usalama wa njia za mashariki na kati umekuwa wa kubadilika miaka ya karibuni.

Jambo moja mtu wa Afrika Mashariki analipata bure. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia macheo, kwa hiyo mama akikuambia chai saa mbili ni saa mbili ile ile unayoijua, wakati Mjerumani wa chumba cha pili ataamka usiku wa manane akiisubiri. Tahadhari ni siku ya kuondoka. Tiketi ya ndege inafuata saa ya kizungu, dereva wa basi dogo anafuata ya kwenu, na basi haling'oi mpaka lijae. Mwambie mama saa ya ndege, umwoneshe na tiketi, naye atampigia dereva.