Mahindi yenye kuvu si chakula cha mbwa

Ilikuwa mwezi wa pili. Mvua ilikuwa ingali inanyesha, na mahindi ya msimu wa kwanza yalikuwa yamejaa nyumbani. Tulikaa na wanachama wa koperative moja hapa Nyunzu kuchagua masuke mbele ya depo. Bamama walikuwa wamefanya marundo matatu: la kuuza, la kula nyumbani, na la tatu, dogo, la masuke yaliyoshika kuvu. Mengine yalikuwa na rangi ya kijani kama majani, mengine meusi. Tukauliza: «Na hii ya tatu inaenda wapi?»

Mama mmoja akajibu bila kufikiri sana: «Ile ya kuoza tunapatiaka imbwa na kuku. Njo desturi yetu.»

Mzee mmoja aliyekaa kando akatikisa kichwa. «Miye nilikuwa na imbwa mbili za kuwinda,» akasema. «Mwaka jana, kisha kuvuna, moja ikakatala kula. Macho ikakuwa manjano. Ikatapika damu. Siku ya tano ikakufa. Ya pili nayo ikafuata. Bantu bakasema ni ulozi.»

Tukamuuliza: «Mzee, zilikuwa zinakula nini?»

Akanyamaza kidogo. «Bukari ya yale mahindi,» akasema, akaonyesha rundo la tatu kwa kidole.

Hakuna munganga wa wanyama aliyepima mbwa hao, kwa hiyo hatuwezi kuapa kwamba tunajua kilichowaua. Lakini dalili alizozitaja ni zile zile za sumu ya kuvu. Ndiyo maana safari hii tumeandika juu ya chakula cha mbwa. Mambo ya mbwa na mambo ya depo yetu yanakutana mahali pamoja: kwenye rundo la tatu.

Mbwa ni mfanyakazi

Wengine watacheka: «Mtu mwenyewe anatafuta chakula, sasa tunafundishwa kulisha imbwa?» Swali ni la haki. Lakini tuangalie kazi ya mbwa kwetu. Nani anafukuza nyani kwenye shamba la mahindi? Nani anasikia mwizi wa mbuzi usiku? Kwa Batwa na kwa Baluba, nani anaingia porini mbele ya mwindaji, na kengele ya mti shingoni, kumtoa simbiliki kwenye majani? Mbwa aliyekufa si hasara ndogo. Kupata mwingine na kumfundisha kuwinda ni kazi ya miezi mingi.

Tena mbwa mwenye njaa halali nyumbani. Anazurura usiku kwenye takataka na mahali pa kuchinjia, anaokota mizoga, anapigana na mbwa wengine, na huko ndiko anakopata minyoo na hata kichaa cha mbwa. Anarudi asubuhi kucheza na watoto wetu.

Sumu isiyokufa motoni

Kuvu inayoota juu ya mahindi na kalanga inaweza kutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Wataalamu wanaiita aflatoksini. Sumu hii inaharibu ini. Haina harufu wala ladha ya kututahadharisha. Na jambo gumu kuliko yote ni hili: moto wa jikoni hauimalizi. Unaweza kusaga, kuchemsha, kusonga bukari hadi mkono uchoke, sumu inabaki ndani. Kuosha na kukung’uta kunaondoa kuvu inayoonekana tu.

Mbwa anaathirika haraka kwa sumu hii, kuliko wanyama wengi wa nyumbani. Na kwa kuwa kila siku anapewa chakula kile kile kutoka rundo lile lile, anaipata kila siku. Dalili ni hizi: anakataa kula, analegea, anatapika, macho na ufizi unakuwa wa manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai, anahara damu, mara nyingine tumbo linavimba maji. Ukiona hivyo, acha chakula kile mara moja, mpe maji safi, na umwite munganga wa wanyama. Dalili zikishaonekana, mara nyingi ini limekwisha kuharibika.

Mwaka 1974, katika vijiji vya magharibi ya India, mvua ilinyesha wakati mbaya na mahindi yakashika kuvu. Watu maskini hawakuwa na kingine, wakayala. Watu 106 walikufa kwa ugonjwa wa ini. Katika vijiji hivyo, mbwa waliokula chakula cha nyumba zile nao waliugua na kufa. Karibu nasi, mwaka 2004, huko Ukambani, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sababu ya mahindi yaliyowekwa yakiwa mabichi, na 125 wakafariki.

Tufikiri vizuri. Mbwa wa mzee yule na watoto wake walikula kutoka msimu mmoja, shamba moja, gala moja. Rundo la pili lilikaa pamoja na rundo la tatu kwa majuma kabla ya kuchaguliwa. Mbwa akifa kwa kuvu, swali la kwanza lisiwe «nani amemloga?» Swali liwe: «Na sisi tumekula nini?»

Tuweke nini kwenye sahani yake?

Mbwa si mtu, na si mbuzi. Anaweza kula bukari, lakini bukari peke yake haimjengi mwili. Anahitaji protini nyingi kupita sisi. Gramu 100 za unga wa muhogo hazifikishi gramu 3 za protini. Za unga wa mahindi zina karibu gramu 8 au 9. Maharagi yanapita 20, kalanga ni karibu 25, na ndakala zilizokauka vizuri zinapita 50. Ndiyo maana mbwa anayelishwa bukari ya muhogo tu anakonda mbavu, manyoya yanatoka, na watoto wake wanakufa wadogo, hata kama kila jioni anashiba.

Kwa mbwa mkubwa wa kilo 10 hadi 12, kama wengi wa mbwa wetu, chakula cha siku moja kinaweza kuwa hiki:

– kikombe kimoja cha chai kilichojaa unga wa mahindi mazuri (kama gramu 150), umepikwa bukari laini au uji mzito;
– konzi mbili za ndakala (kama gramu 60), zimechemshwa pamoja;
– kijiko kimoja cha mafuta ya mawese;
– maji safi, muda wote.

Kama ndakala ni za bei, weka konzi moja tu na uongeze konzi moja ya maharagi au soya. Maharagi na soya lazima viive kabisa. Vikiwa vibichi vinamwumiza tumbo. Samaki wa chumvi walowekwe kwanza na maji yamwagwe.

Mama mmoja alitushtua kwa akili yake. Alisema: «Vichwa vya ndakala tunavikatikishaka na kutupa. Miye ninavikausha juu ya jiko, ninachanganya na makoko ya bukari. Imbwa yangu ni ile pale, muangalie!» Tukamwangalia mbwa: manyoya yanang’aa, macho meupe. Mama huyo haongezi hata franka moja. Anatumia kile ambacho jirani anatupa. Kwa hiyo anayesema hana cha kumpa mbwa aanze hapo: vichwa vya samaki, makoko, matumbo ya kuku na ya mbuzi yaliyochemshwa vizuri. Masalio ya leo ni chakula. Kilichooza ni sumu.

Mbwa mkubwa ale mara moja au mara mbili kwa siku. Watoto wa mbwa waanze uji laini wa ndakala wakiwa na majuma matatu au manne huku wakiendelea kunyonya. Hadi miezi mitatu wale mara nne kwa siku, kisha mara tatu hadi miezi sita. Mama anayenyonyesha anahitaji mara mbili, hata mara tatu ya chakula chake cha kawaida. Mbwa wa kuwinda asishibishwe kabla ya kukimbia; akirudi, apewe maji kwanza, apumzike, ndipo ale.

Vitu vya kumkataza

Maganda ya muhogo mabichi na muhogo mchungu usiolowekwa. Ndani yake kuna sumu ile ile inayotufanya tuloweke muhogo siku tatu au nne na kuuanika. Mbwa apewe muhogo uliotengenezwa kama wa watu.

Vitunguu na vitunguu saumu, vibichi au vya kupikwa. Vinaharibu damu yake. Mchuzi wenye vitunguu vingi usimwagiwe mbwa.

Mifupa ya kuku iliyopikwa. Inavunjika kama sindano na kutoboa matumbo.

Machicha ya lutuku na ya pombe. Pombe inamdhuru mbwa hata ikiwa kidogo. Tena, kama pombe ilipikwa kwa mahindi ya rundo la tatu, sumu ya kuvu inabaki kwenye machicha.

Mbegu zilizotiwa dawa, na mizoga ya panya waliouawa kwa sumu. Izikwe, isitupwe nyuma ya nyumba.

Maini na mapafu mabichi

Tukichinja mbuzi, mbwa husubiri. Mara nyingine tunakuta ndani ya ini au pafu kama mifuko midogo ya maji. Tunaikata tunamtupia mbwa. Tusifanye hivyo. Mifuko ile inaweza kuwa na watoto wa mnyoo. Mbwa akiila, mnyoo unakua tumboni mwake, na mayai yanatoka na mavi yake kwenye majani, kwenye maji, kwenye manyoya anayoshikashika mtoto. Mbuzi akila majani yale, mifuko inaanza upya. Mtu akimeza mayai yale, mifuko inaota ndani ya ini lake na kukua kwa miaka.

Huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu umetesa watu sana, hata shirika la AMREF likaanza kazi ya kupambana nao miaka ya 1980: kupasua wagonjwa, kupunguza mbwa wasio na wenyewe, kuwapa mbwa dawa ya minyoo, kufundisha watu. Kwetu sheria ni rahisi. Ini au pafu lenye mifuko ya maji lichomwe au lizikwe shimo refu. Matumbo mengine yachemshwe zaidi ya nusu saa kabla ya kumpa mbwa. Na watoto wanawe kwa sabuni kabla ya kula.

Kazi inaanza kwenye depo

Chakula kizuri cha mbwa, cha kuku na cha watoto kinatengenezwa siku ya kuvuna. Tusiweke masuke chini kwenye udongo. Tuanike juu ya bashi au kitanda cha miti. Mvua ikitishia, tufunike. Tuchague kabla ya kupukuchua, maana kuvu inaonekana vizuri kwenye suke kuliko kwenye punje. Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kujua kama punje zimekauka, kuna njia ya chumvi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko. Weka punje hadi robo, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokauka kabisa juani. Funga, tikisa, ngoja dakika kama 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi: rudisha kwenye jua. Ikianguka chini bila kushika, unaweza kuweka kwenye gala.

Na rundo la tatu? Tulirudi kwenye swali hilo mbele ya depo. Mama wa kwanza akasema: «Basi hata nguruwe asipewe?» Hata nguruwe. Hata kuku. Wala lisiuzwe, wala lisipikwe pombe, wala lisichanganywe na zuri ili uzito uongezeke sokoni. Lichomwe au lizikwe mbali na kisima.

Kulikuwa na kimya, juu kutupa mahindi kunauma moyo wa mkulima, hasa kwa mtu ambaye miaka ya vita alikimbia akaacha shamba lote. Tunajua. Kisha mzee yule akasimama, akachukua kikapu cha masuke ya kijani, akakipeleka mwenyewe kwenye shimo. Akasema: «Imbwa zangu zililipa tayari.»

Kwenye mkutano wenu ujao, tunaomba kila koperative iamue mambo mawili: nani atasimamia kupima kwa chumvi kabla mfuko wowote haujaingia depo, na shimo la rundo la tatu litachimbwa wapi.