Maharage kati ya miti ya matunda: udongo nao upewe kilicho chake



Mponde inajulikana kwa chai, lakini katika mashamba madogo ya huku milimani Usambara utakuta pia miparachichi, mipeasi na miti ya plamsi. Mti mchanga huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na familia haiwezi kungoja bila kula. Ndiyo maana tunapanda maharage katikati ya miti.

Husemwa kwamba maharage hurutubisha udongo. Ni kweli, ila kwa sharti. Kwenye mizizi yake kuna vinundu vidogo wanamoishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Maharage yakitoa maua, ng'oa shina moja upasue kinundu. Ndani kikiwa na rangi ya waridi, kinafanya kazi.

Tatizo liko kwenye mavuno. Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huishia kwenye punje, nazo tunazila. Tukiyang'oa maharage na mizizi yake, tukabeba yote nyumbani na kuchoma makapi, shamba linabaki na nini? Katika falsafa tunafundishwa kutafuta sababu halisi ya jambo. Hapa sababu si maharage kupita shambani, bali ni kile kinachobaki humo.

Basi tufanyeje? Kwanza, wakati wa kuvuna tukate shina usawa wa udongo, mizizi ibaki ioze. Makapi yarudi shambani, au yaliwe na ng'ombe yarudi kama samadi.

Pili, vinundu vinahitaji fosforasi, na udongo wenye asidi, kama ulivyo mwingi wa Usambara, huishikilia mmea usiipate. Samadi iliyooza husaidia, na majivu kiasi hupunguza asidi. Wasambaa wanao pia mmea wa tughutu, ambao majani yake ni mbolea. Huko Lushoto watafiti na wakulima waliyajaribu kwenye maharage pamoja na fosfeti ya Minjingu, na mavuno yakaongezeka.

Tatu, tuache nafasi ya kama mita moja kuzunguka kila mti mchanga, jembe lisikate mizizi. Sisi wenyewe tuliwahi kurundika samadi mbichi kwenye shina, majani yakaungua. Samadi ioze kwanza, na isiguse shina. Mistari ya maharage ikinge mteremko, maana mvua za masika huondoka na udongo pamoja na mbolea yake.

Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alitukumbusha kwamba dunia ni ya vizazi vijavyo pia. Mparachichi tunaoupanda leo utawalisha wajukuu, iwapo udongo utakuwa bado upo. Msimu huu, basi, twende kuvuna maharage tukiwa na kisu mkononi.