Kisu Kinapokwaruza

Tezi ya ng'ombe mzima hukatika kimya. Kisu kinapita kama kwenye figo, mkato unabaki laini na wenye unyevu, rangi yake kijivu kilichochanganyika na umaziwa. Tezi yenye kifua kikuu ina sauti. Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, saa kumi alfajiri machinjioni, balbu moja ikiwaka juu ya kulabu. Mkaguzi aliyekuwa akinifundisha alinikabidhi kisu akasema, "Usitazame kwanza, mwanangu. Sikiliza." Nikakata, na kisu kikakwaruza kama kimepita kwenye mchanga. Nilipotazama nikaona kiini cha njano, kikavu, kama mtindi uliokamuliwa maji yote, na ndani yake punje ngumu za chokaa.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba dume lenye tezi ile lilikuwa limenona. Wengi wetu tunadhani ng'ombe mwenye TB lazima awe amekonda, anakohoa, mbavu zinahesabika. Huyo yupo, lakini ni yule ambaye ugonjwa umeshamshinda. Wengine huingia machinjioni kwa miguu yao, manyoya yanang'aa, na anayewakagua wakiwa hai haoni cha kuandika. Ndiyo maana kazi kubwa ya kuutafuta ugonjwa huu hufanyika mnyama akishachunwa, na kinachotafutwa huwa ni kidogo, pengine kinundu cha ukubwa wa punje ya mtama.

Anayesababisha ni bakteria aitwaye Mycobacterium bovis, ndugu wa karibu wa yule wa TB ya binadamu. Akivutwa kwa pumzi, kama inavyotokea bomani ng'ombe wanapolala wamebanana usiku kucha, hufikia kwenye mapafu na tezi zinazoyahudumia. Akimezwa pamoja na maziwa au maji, hunaswa kwenye tezi za koo na za utumbo. Kwa hiyo mkaguzi anayejua njia hizo hakati ovyo. Huanzia kichwani, kwenye tezi zilizojificha nyuma ya koo karibu na shina la ulimi, kisha zile za taya. Halafu huenda kwenye mapafu, yale ambayo mtaani tunayaita mapupu. Huyapapasa yote kwa viganja, na kukata tezi zilizopo pale koromeo la hewa linapogawanyika. Kati ya mapafu mawili, sambamba na umio, kuna tezi moja ndefu inayoweza kufikia shibiri nzima. Hiyo ndiyo huwa naitazama kwa muda mrefu kuliko zote. Baada ya hapo hufuata tezi za utumbo, za ini, na za kiwele kama ni jike.

Kukata mara moja katikati hakutoshi. Tezi inapaswa kukatwa vipande vyembamba, kama kitunguu cha kachumbari, kwa sababu kinundu kinaweza kuwa pembeni kabisa na mkato mmoja ukakipita. Kisu kilichogusa ugonjwa nacho hakiendi kwa mnyama mwingine mpaka kikae kwenye maji ya moto yasiyopungua nyuzi 82. Mkaguzi anatakiwa awe na visu viwili, kimoja kikiwa majini na kingine mkononi. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo palikuwa na ndoo moja ya maji ya baridi kwa watu wote, na vichwa vilikuwa vinabebwa na wauza supu kabla hatujafika. Kichwa kikishaondoka, umepoteza sehemu mojawapo ambayo ugonjwa huu hupenda kukaa.

Si kila uvimbe ni TB. Malengelenge ya minyoo kwenye ini na mapafu hutoa maji maangavu ukiyapasua. Jipu la kawaida hutoa usaha unaotiririka. Ugonjwa wa ulimi mgumu nao huacha vinundu kichwani vinavyoweza kumdanganya hata mzoefu. Na ng'ombe aliyeambukizwa karibuni anaweza asiwe na alama yoyote ya kuonekana kwa macho. Kwa hiyo jicho hushuku tu, na maabara ndiyo inayothibitisha. Kipande kimoja cha tezi hutiwa kwenye formalini ili kitazamwe kwa hadubini, kingine hupelekwa kikiwa kwenye ubaridi ili bakteria waoteshwe au vinasaba vyao vipimwe. Kuotesha kunahitaji subira, kwani bakteria huyu hukua polepole mno, wiki sita, nane, wakati mwingine zaidi.

Nyama yenyewe hufanywaje? Ugonjwa ukiwa umesambaa mwilini, mnyama mzima huzuiwa na kuteketezwa. Ukiwa umeishia kwenye tezi au kiungo kimoja na mnyama ana afya, sehemu zilizoathirika huondolewa, na zilizobaki huamuliwa kwa kanuni za nchi husika. Mnofu mara nyingi hauna bakteria, na nyama iliyoiva vizuri haiambukizi. Hatari kubwa iko kwenye maziwa mabichi, na kwa wanaoishi na mifugo au kuipasua kila siku. Maziwa kuganda si sawa na kuchemka. Ni moto ndio unaomuua bakteria huyu, na wasindikaji huyapasha maziwa hadi nyuzi 63 kwa dakika 30 au nyuzi 72 kwa sekunde 15.

Ukweli kwamba TB ya ng'ombe huwapata watu ulichelewa kukubalika. Robert Koch, aliyemgundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alisimama London mwaka 1901 akasema TB ya ng'ombe si tishio kubwa kwa binadamu. Serikali ya Uingereza iliunda tume iliyofanya kazi hadi 1911, ikahitimisha kinyume chake: maziwa yalikuwa yanawaambukiza watu, hasa watoto. Huku kwetu, mwaka 2001 watafiti wakiwamo Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walichapisha kwamba wamempata bakteria huyu wa ng'ombe kwenye mitoki ya shingo za wagonjwa nchini Tanzania. Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa wapya 140,000 wa TB itokayo kwa wanyama duniani kwa mwaka 2019. Vipimo vya kawaida vya hospitali, ikiwamo mashine ya GeneXpert, husema tu kwamba TB ipo, havisemi kama imetoka kwa ng'ombe. Na bakteria huyu kwa asili yake haguswi na pyrazinamide, moja ya dawa nne anazoanza nazo mgonjwa. Ningependa kila daktari anayeona mtoki shingoni mwa mtoto wa wafugaji aulize habari za maziwa ya nyumbani kwao.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni fomu ya ukaguzi machinjioni. Tanzania haina kampeni ya nchi nzima ya kupima ng'ombe wote kwa sindano ya ngozini. Kwa hiyo kwa makundi mengi, kisu cha mkaguzi ndicho kipimo pekee yatakachokipata. Na kwenye nafasi ya "mahali alikotoka", mara nyingi panaandikwa jina la mnada. Ng'ombe aliyepitia minada miwili, akamalizikia mnada wa Pugu, Dar es Salaam, akiwa amechanganywa na wengine kutoka mikoa minne, hana anwani. Tumeteketeza mapafu, na boma lililomwambukiza linaendelea kukamua asubuhi hiyohiyo.

Australia walifanya vingine. Kuanzia mwaka 1970 ng'ombe aliyekwenda kuchinjwa alivalishwa kibandiko mkiani chenye namba ya shamba lake. Baadaye kila kinundu kilichotiliwa shaka kilipelekwa maabara, na shamba likafuatwa. Mwisho wa 1997 wakajitangaza huru na ugonjwa huo. Sisi tuna sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo tangu mwaka 2010. Hereni sikioni mwa ng'ombe watu huiona kama kero ya kodi, na ninawaelewa, lakini kwangu mimi ile ni anwani.

Mara moja tu tuliweza kurudi nyuma hadi bomani, kwa sababu chapa ya moto pajani ilijulikana na mchuuzi alikumbuka. Tulipima kundi kwa sindano hiyo ya ngozini, shingoni, tukaacha saa 72 zipite, tukarudi na kipimo cha unene wa ngozi. Shingo saba zilikuwa zimevimba, moja ya ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa kwa ajili ya wajukuu. Mzee mwenye boma alishika ule uvimbe kwa vidole viwili, akaupapasa taratibu kama nilivyozoea kupapasa tezi. Kisha akauliza, "Na wale niliowauza mwaka jana, daktari, wako kwa nani sasa?"