Kiswahili Angani: Kilio au Hoja?

Makala hii inakusudia kuhakiki sehemu moja ya tamthilia ya televisheni ya Marekani, Star Trek. Sehemu hiyo inaitwa "The Changeling", na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 29 Septemba 1967. Mwenzangu utauliza: sisi watu wa fasihi ya Kiswahili, tena wa pwani ya Tanga, hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu Kiswahili kimo ndani yake, na nafasi kilichopewa humo ndiyo hoja yangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Chombo cha anga Enterprise kinakutana na mashine iitwayo Nomad. Mashine hiyo ilirushwa kutoka duniani, ikaharibika njiani, ikachanganyika na mashine ya viumbe wengine. Sasa kazi yake ni kuangamiza chochote kisicho kamili. Nomad inamsikia Luteni Uhura akiimba. Haielewi kuimba ni kitu gani. Basi inamfuta akili, na yote aliyojifunza maishani yanapotea. Ikabidi afundishwe kusoma upya kama mtoto wa chekechea.

Kiini kipo hapo. Uhura anakwama kwenye neno la Kiingereza la rangi ya buluu, anakereka, na kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili. Muuguzi anamrudisha kwenye Kiingereza, somo linaendelea. Hivi jamani, kama yote yamefutwa, Kiswahili kimetoka wapi? Hakuna mhusika anayeuliza, na mtunzi, John Meredyth Lucas, hakutupa jibu.

Wapo watakaosema kwamba hii ni sifa kwetu: lugha ya mama haifutiki hata kwa mashine. Na kweli, kwa miaka ile lilikuwa jambo kubwa kumwona mwanamke mweusi akiwa ofisa wa mawasiliano, tena mwenye jina lililotokana na neno "uhuru". (Herufi ya mwisho ilibadilishwa eti lisikike la kike, ingawa kwetu sisi "a" ya mwisho haimfanyi mtu kuwa mwanamke.) Sikatai. Lakini tutazame mantiki ya onyesho. Kilichofutwa kinahesabiwa kuwa maarifa. Kiswahili kilichobaki hakihesabiwi kuwa kitu. Mtu mwenye lugha anafundishwa kana kwamba hana lugha, na hakuna anayefikiria kumweleza jambo kwa lugha hiyo. Humo Kiswahili ni kilio cha aliyeshindwa, si hoja.

Sasa tulinganishe na Kusadikika ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, iliyochapishwa mwaka 1951. Hiyo nayo ni nchi iliyo angani, na wajumbe wake sita wanasafiri pande zote, hata juu na chini. Lakini huko angani Kiswahili kinasimama kizimbani. Karama, aliyeshtakiwa kwa kuwafundisha watu elimu ya sheria, anajitetea mbele ya mfalme kisa baada ya kisa mpaka anashinda. Utasema: kitabu ni cha Kiswahili, wangesema lugha gani nyingine? Sawa, na tofauti iko hapohapo. Shaaban Robert aliipeleka lugha angani ikafikiri. Lucas aliipeleka ikanung'unika.

Haya si mambo ya angani tu. Mwaka huohuo wa 1967, pamoja na siasa ya Elimu ya Kujitegemea, Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi. Sekondari ikabaki na Kiingereza, na bado imebaki nacho. Mtoto wa Pangani anayemaliza shule ya msingi akiweza kueleza usanisinuru kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza, anaulizwa jambo lilelile kwa Kiingereza, ananyamaza, na anaandikiwa kwamba hajui. Nomad haijampitia mtoto huyu. Akili yake ni nzima. Lugha iliyoibeba ndiyo haihesabiwi.

Kichwa cha sehemu hii kina maana ya mtoto aliyebadilishwa kwa siri, akawekwa mwingine mahali pake. Wengi husema kinaihusu Nomad. Mimi naona kinamhusu zaidi Uhura: mwisho wa kisa daktari anatangaza kwamba atarudi kazini baada ya wiki moja, na hakuna anayemuuliza alisema nini kwa Kiswahili.