Mpanda Ngazi Hushuka

Hapa Lubao wakati wa kupanga timu kila mtu husema yeye ni mshambuliaji. Namba za nyuma huachiwa aliyechelewa kufika. Mimi nilichelewa. Nilipoambiwa nicheze beki nilinuna wiki nzima, nikawa hata naona afadhali niache mpira. Kilichonirudisha ni safari ya Joseph Okumu.

Okumu alizaliwa Kisumu mwaka wa 1997. Alichezea Chemelil Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, kisha akaenda Free State Stars ya Afrika Kusini. Hapo ungedhani mambo yamenyooka. La hasha! Mwaka wa 2018 alikuwa Marekani katika AFC Ann Arbor, klabu ya daraja la nne. Wengi wetu tungeona haya, turudi nyumbani tukimlaumu kocha. Yeye alicheza tu, na mwaka huohuo akachukuliwa na Real Monarchs ya daraja la pili.

Mwaka wa 2019 Harambee Stars walishiriki Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri, mara ya kwanza tangu 2004. Tulifungwa na Algeria 2-0, tukailaza Tanzania 3-2, kisha Senegal ikatufunga 3-0. Tukatoka. Lakini Algeria na Senegal ndizo zilizofika fainali, na mbele ya washambuliaji kama hao ndipo beki hupimwa. Kazi yake si kubutua mpira ovyo. Ni kusoma hatari kabla haijafika, kusimama mahali pake bila pupa na kumpa mwenzake pasi safi. Waliomtazama Okumu waliyaona hayo. Mwaka huo Elfsborg ya Uswidi ikamsajili, 2021 akaenda Gent ya Ubelgiji, na 2023 Reims ya Ufaransa.

Hata huko juu kuna kuteleza: mwaka wa 2025 Reims ilishuka daraja.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Kweli, lakini Okumu amenionyesha kwamba aliyeshuka naye anaweza kupanda tena, mradi asiitupe ngazi. Basi ndugu yangu, ukiwekwa benchi au ukipewa namba usiyoitaka, usivue viatu. Mimi sasa nikiitwa nyuma, naenda mbio.