"Wapo" na "Wajinga Nyinyi": Nafsi za Kisarufi katika Nyimbo za Lawama

Wachambuzi wa ushairi wamezoea kulitafuta fumbo katika methali na majina ya wanyama. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fumbo laweza kukaa ndani ya kiambishi kimoja. Mifano yetu ni nyimbo mbili za rapu zilizogusa siasa.

Machi 2017, Nay wa Mitego wa Dar es Salaam alitoa wimbo uitwao "Wapo". Neno hilo lina viungo viwili tu: wa-, kiambishi cha watu, na -po cha kuwapo. Tusemapo "wapo watu wasemao", jina hufuata nyuma. Hapa limeachwa, na msikilizaji hulijaza mwenyewe. Tarehe 26 Machi msanii alikamatwa mkoani Morogoro, na Baraza la Sanaa la Taifa likaupiga wimbo marufuku. Kesho yake Waziri Harrison Mwakyembe alitangaza kwamba Rais John Magufuli ameagiza aachiliwe na wimbo upigwe. Tena amshauri auongeze kwa kuwataja wakwepa kodi na wauza dawa za kulevya. Yafaa tulitazame shauri hilo kwa jicho la sarufi: pengo lililomkinga mshairi ndilo lililompa mtawala nafasi ya kulijaza kwa watu wengine.

Desemba 2019, King Kaka wa Nairobi, mwenye kampuni yake mwenyewe, Kaka Empire, alitoa "Wajinga Nyinyi" pamoja na video yake. "Nyinyi ni wajinga" ni taarifa, na mtu aweza kuikana. "Wajinga nyinyi", bila ya "ni", na nafsi ikija nyuma, ni kemeo, kama vile "mjinga wewe!" Hapo hapana pengo. Wanaokemewa si viongozi wala rushwa peke yao, bali hasa wapiga kura wawachaguao. Viongozi nao walitajwa kwa majina, na gavana mmoja alimtaka, kupitia mawakili, aombe radhi.

Basi tusiseme ati kufumba ni woga na kutaja ni ushujaa. Wote wawili walijibiwa na wenye mamlaka. Tofauti iko penginepo: "wapo" humfanya msikilizaji kuwa shahidi, "nyinyi" humfanya mshtakiwa. Afasiriye nyimbo hizi hana budi kuanza na kiambishi, kabla ya kuuliza ni nani aliyetajwa.