Minnie na Daisy: Wapenzi wa katuni wenye hulka tofauti

WENGI hudhani kwamba Minnie Mouse na Daisy Duck, wahusika wa kike katika hadithi za katuni za Walt Disney, ni pacha waliotofautishwa na mkia na mdomo tu. Dhana hiyo haina mashiko.

Minnie, panya aliyejitokeza mwaka wa 1928 pamoja na Mickey, amesawiriwa kuwa mpole na mwenye subira. Hata hivyo, katika hadithi za magazetini alizochora Floyd Gottfredson kuanzia 1930, wivu humpanda mara kwa mara, naye humsuta mpenziwe bila kumwonea haya.

Daisy, bata aliyepata jina hilo mwaka wa 1940, hupenda makuu, na akighadhibika haambiliki. Katika hadithi za Carl Barks, Donald hulazimika kumwania dhidi ya Gladstone, binamu mwenye bahati ya mtende.

Tofauti hiyo ina sababu. Mickey ni shujaa mtulivu, hivyo alihitaji mwenzi wa kumliwaza. Donald naye ni mwepesi wa hasira. Waandishi wakampa wa kumkabili moto kwa moto. Kwa hivyo, hulka za wanawake hawa zilifinyangwa zifae za wanaume wao.

Afadhali Daisy. Mnamo 1954 kulianza kuchapishwa hadithi zake kwa mtindo wa shajara, msomaji akapata kuusikia upande wake. Ndipo ilipobainika kuwa mwenye kelele huenda pia ana hoja.